Spea Orijino au ya Kampuni Nyingine? Amua Kabla ya Kubonyeza PIN

Gari yako ya kazi iko juu ya jeki kwa fundi pale Musanda. Gurudumu la mbele limetolewa na pedi za breki zimeisha karibu zifike chuma. Wewe uko Mumias na shughuli zako. Simu inaita: "Boss, duka liko na za elfu moja mia tano na za elfu tatu mia tano. Hizi za elfu tatu ni orijino. Tuma pesa nichukue, dereva anangoja."

Una kama dakika mbili. Huoni boksi, huoni duka, na fundi anasikika ana haraka. Watu wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: wanachukua ya bei rahisi kwa sababu wiki imekuwa mbaya, au wanachukua ya bei ghali kwa sababu wameambiwa ni orijino. Njia zote mbili zinaweza kukupotezea pesa, na kwa spea kama breki, zinaweza kukupotezea kitu kikubwa kuliko pesa.

Sisi hatuuzi spea. Kazi yetu ni kufikisha pesa yako mahali ulipoituma. Lakini pesa ikishafika, kuirudisha sio rahisi kama kuituma, kwa hivyo tunapenda mteja wetu awe ameshaamua vizuri kabla ya kuweka PIN. Wacha tuangalie hizo dakika mbili unaweza kuzitumia vipi.

"Orijino" ni neno moja, bidhaa ni tano

Dukani utasikia maneno matatu tu: orijino, kopi na eks-Japani. Ukweli ni kwamba kuna aina tano za spea, na ukizijua tano hizi huwezi kuchanganywa kirahisi.

*Ya kwanza ni ya kampuni iliyounda gari.* Inakuja kwa boksi lenye jina la Toyota, Nissan, Mazda au Isuzu, na namba ya spea imeandikwa juu. Hii ndiyo watu wengi humaanisha wakisema orijino.

*Ya pili ni ya kampuni inayowatengenezea hao wenye gari.* Toyota haitengenezi kila kitu yenyewe. Denso hutengeneza vitu vya umeme na vya injini, Aisin hutengeneza klachi na pampu za maji, KYB hutengeneza shokabzoba, NGK hutengeneza plagi. Denso yenyewe ilikuwa idara ndani ya Toyota hadi ilipojitenga mwaka 1949. Kampuni hizi huuza pia kwa boksi zao wenyewe, na mara nyingi bei huwa chini kuliko boksi la Toyota hata kama ubora ni uleule au unakaribiana sana.

*Ya tatu ni ya kampuni nyingine kabisa,* ambayo haikuhusika na gari yako lakini inatengeneza spea inayoingia. Hapa kuna nzuri sana, za wastani, na zile za kuomba Mungu. Kitu cha maana ni kwamba kampuni hii inauza kwa jina lake yenyewe. Haijifanyi mtu mwingine.

*Ya nne ni eks-Japani,* yaani spea iliyotolewa kwa gari kuukuu huko Japani ikaletwa hapa. Ilikuwa orijino, ni kweli, lakini imeshatumika na hujui imetembea kilomita ngapi.

*Ya tano ni feki.* Hii imeandikwa jina la Toyota au Denso au NGK lakini haikutoka kwao. Ya tatu na ya tano watu huziita zote kopi, na hapo ndipo kosa linaanzia. Kununua spea ya kampuni nyingine ni uamuzi wako halali kabisa. Kuuziwa feki ni kuibiwa, na ni kinyume cha Sheria ya Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008.

Kwa hivyo fundi akisema "ni orijino", muulize swali moja tu: "Boksi limeandikwa kampuni gani?" Jibu lake litakuonyesha uko kwa namba gani kati ya hizo tano.

Anza na hatari, bei ije baadaye

Watu hubishana kama orijino ni lazima ama ni kutupa pesa. Ubishi huo hauishi kwa sababu hakuna jibu moja la gari yote. Jibu linategemea spea yenyewe, na swali la kujiuliza ni hili: *hii kitu ikikatika nikiwa barabarani, nini kitatokea?*

Ikikatika, mtu anaweza kuumia. Hapa kuna pedi na viatu vya breki, paipu za breki, boljointi, tairodi na beringi za magurudumu. Boljointi ikichomoka, gurudumu la mbele linalala na stiaringi haina kazi tena. Kama hilo litatokea gari ikiwa imejaa abiria kwenye mteremko, hakuna bei iliyokuwa rahisi. Kwa spea hizi nunua aina ya kwanza au ya pili, au ya tatu kama ni kampuni ambayo fundi wako ameitumia kwa gari nyingi na anaweza kukuambia zilikaa muda gani. Usinunue pedi, paipu wala raba za breki zilizotumika, hata ukiambiwa zimetoka Japani jana.

Ikikatika, injini inaweza kufa. Filta ya oil, pampu ya maji, themostati, fenibelti. Chukua filta ya oil. Kwa nje zote ni kopo la chuma. Kwa ndani, filta nzuri ina valvu ya raba inayozuia oil isirudi yote chini gari ikizimwa. Filta mbaya inaiacha oil ishuke, na kila asubuhi ukiwasha, vyuma vinasuguana vikavu kwa muda kabla oil haijapanda. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Probox nyingi inatumia cheni ya taiming, sio mkanda, na cheni hiyo inategemea oil safi yenye presha. Tofauti ya bei kati ya filta nzuri na mbaya ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini. Hapa usibane matumizi.

Ikikatika, safari inakuwa ngumu tu. Shokabzoba, bushi, mauntini za injini. Barabara zetu za ndani ni za murram. Mvua ikinyesha, trekta za miwa zikipita, mashimo yanazaliwa upya. Hata shokabzoba nzuri haitakaa hapa kama inavyokaa kwenye lami, kwa hivyo ya kampuni nyingine inayojulikana inaweza kuwa na hesabu nzuri kuliko boksi la Toyota. Lakini zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari inavuta upande mmoja.

Ikikatika, ni aibu kidogo tu. Bampa, vioo vya pembeni, mikono ya milango, viti, vifuniko vya taa. Hapa eks-Japani ndiyo mahali pake. Mlango uliotolewa kwa Probox kule Japani utaingia kwenye Probox ya Musanda bila shida, na hakuna sababu ya kulipa bei ya mpya.

Ukipanga hivi, utaona huhitaji orijino kila mahali. Pesa unayookoa kwenye bampa ndiyo inayonunua breki nzuri.

Bei ya boksi na bei ya mwezi

Turudi kwa pedi zetu. Tutumie namba za mfano tu, kwa sababu bei hubadilika kutoka duka hadi duka. Wacha tuseme za bei rahisi ni shilingi 1,500 na zinakaa miezi 4 kwa gari ya kazi. Za bei ghali ni 3,500 na zinakaa miezi 12. Fundi anachukua 500 kila mara anapofungua.

Za bei rahisi: 2,000 gawanya kwa 4, ni shilingi 500 kwa mwezi.
Za bei ghali: 4,000 gawanya kwa 12, ni kama shilingi 333 kwa mwezi.

Na bado hatujahesabu siku mbili zaidi ambazo gari imelala kwa fundi bila kuingiza kitu, wala diski ya breki iliyokwaruzwa na pedi iliyoisha mapema.

Hesabu hii inaweza kugeuka pia. Kama boksi la Toyota ni mara tatu ya bei ya kampuni nyingine na linakaa muda uleule, basi unalipia jina. Kwa hivyo usikubali "orijino inakaa" kama jibu. Uliza: "Inakaa miezi mingapi kwa gari kama yangu?" Fundi anayefanya kazi kila siku ana jibu. Kama hana, ujue naye anabahatisha.

Shida ya wengi wetu ni kwamba ile 3,500 haiko siku breki inapoisha. Spea hazijui tarehe ya mwisho wa mwezi. Kwa gari ya kazi, jaribu kuweka shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu iliyofungwa, tofauti na pesa ya matumizi. Kwa mwezi ni 1,500. Kwa miezi mitatu uko na 4,500, na simu ya fundi ikiita unachagua ukiwa na nafasi. Kukopa kwa simu ili ununue spea iwe njia ya mwisho. Ukilazimika, kopea breki. Usikopee kioo.

Picha mbili kabla ya pesa

Kuna vitu viwili vidogo vinavyookoa pesa nyingi, na vyote ni picha za simu.

*Picha ya kwanza ni namba ya chesisi ya gari yako.* Iko kwenye logbook na kwenye kibati ndani ya boneti. Gari zilizotoka Japani huwa na namba fupi kama NCP51 ikifuatwa na tarakimu saba. Hizo herufi za mwanzo ndizo zenye maana kubwa. Probox ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002 na ikafanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2014. NCP50 ni ya injini ya 1300, NCP51 ni ya 1500, na NCP160 ni zile za baada ya 2014. Zote unaziona barabarani ukasema ni Probox, lakini sio kila spea inaingiliana. Mtumie mwenye duka picha hiyo badala ya kusema "nataka pedi za Probox".

*Picha ya pili ni boksi la spea, upande wenye namba.* Namba za Toyota huwa na sehemu mbili za herufi tano tano. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani. Pedi za breki za mbele huanza na 04465. Shokabzoba ya mbele ya kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520. Filta ya oil inayotumika kwa injini nyingi ndogo za Toyota ni 90915-YZZE1. Tano za mwisho zinasema ni ya modeli gani. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuitafuta kwa intaneti ndani ya dakika moja na kuona kama inaingia kwa gari yako.

Picha ya boksi inakusaidia pia kukamata feki. Angalia maandishi kama yamefifia au yana makosa ya spelling. Linganisha namba iliyo kwenye boksi na ile iliyochapwa kwenye spea yenyewe. Kama boksi lina stika ya KEBS, iangalie. KEBS wana namba ya SMS, 20023, ya kuhakiki alama zao. Na bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, jiulize kwa nini.

Lakini usidanganyike na hii: kuona "Made in Thailand" au Indonesia hakumaanishi ni feki. Toyota na wanaowatengenezea wana viwanda katika nchi nyingi. Na boksi zuri peke yake sio ushahidi, kwa sababu boksi tupu nalo linauzwa.

Pesa inaenda kwa nani?

Hapa ndipo tunaona mambo mengi yakiharibika. Fundi anasema "nitumie kwa simu yangu, nitalipa duka". Mara nyingi ni nia njema tu. Lakini ukifanya hivyo, rekodi inaonyesha umemtumia mtu pesa, basi. Haionyeshi duka, wala hujui duka lilipokea ngapi. Spea ikileta shida, duka litasema halikujui.

Njia bora ni hii:

1. Lipa duka moja kwa moja kwa namba yao ya Till au Paybill. Mwambie fundi akutumie namba hiyo.
2. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea. Kama uliambiwa ni duka na jina ni la mtu usiyemjua, simama. Piga simu, uliza.
3. Mlipe fundi kazi yake kando. Kama kuna shukrani ya kukuchagulia spea, iwe wazi. Fundi mzuri anastahili kulipwa vizuri, na hatahitaji kuongeza bei ya boksi.
4. Omba risiti yenye jina la spea, kampuni, namba ya spea na muda wa garantii. Ipigwe picha na itumwe kwako.

Namba ya nne watu huiruka kwa sababu wanaona ujumbe wa malipo unatosha. Hautoshi. Ujumbe wetu unathibitisha pesa ilitoka kwako, saa ngapi, na ilienda kwa nani. Hauthibitishi ulinunua nini. Risiti ndiyo inasema ulinunua nini. Ukiwa na vyote viwili kwa simu, una kesi. Ukiwa na kimoja, una hadithi.

Halafu mwambie fundi mapema: "Nataka spea kuukuu nikija." Sio kwa ubaya. Spea ya zamani ikirudi mikononi mwako, unajua ile mpya iliwekwa kweli, na unaona iliisha namna gani. Fundi aliyefanya kazi yake hatakasirika.

Ukiagiza kutoka mbali

Wakati mwingine spea haipatikani Musanda, Mumias wala Kakamega mjini, na unaambiwa iko Kisumu au Nairobi kule Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanapaita Grogan. Inaweza kuja na basi kesho. Hapa hatari inaongezeka kwa sababu unalipa kabla ya kuona.

Ukiwa na ndugu au rafiki huko, mtume dukani alinganishe namba, kisha wewe ulipe kwa Till akiwa amesimama pale. Ukiwa huna mtu, omba video fupi ya spea nje ya boksi, namba ikionekana, na jina la duka lisikike. Jaribu kukubaliana ulipe sehemu sasa na nyingine baada ya kupokea namba ya kifurushi kutoka kwa kampuni ya basi. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka pesa yote kwa namba ya kibinafsi, tena "sasa hivi kuna mtu mwingine anaitaka", mwachie huyo mtu mwingine.

Kama mambo yameshaharibika

Kama ulituma pesa kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Kila dakika ni muhimu, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu.

Lakini kama pesa ilifika dukani na tatizo ni spea, hiyo sio kazi ya kurudisha muamala. Ni mazungumzo yako na muuzaji, na hauendi mikono mitupu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Nenda na spea, risiti, ujumbe wa malipo na picha ya boksi. Ongea kwa heshima. Wenye maduka wengi wa mji mdogo wanajua jina lao ndilo biashara yao. Ukiona ni feki yenye jina la kampuni kubwa na muuzaji anakataa kusikia, peleka ripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi au kwa KEBS. Unapofanya hivyo unamsaidia pia mwenye gari anayefuata.

Orodha ya kuhifadhi kwa simu yako

Fundi akipiga simu, pitia haya:

- Ni spea gani, na ikikatika nini kitatokea?
- Boksi limeandikwa kampuni gani? Picha iko wapi?
- Namba ya spea inalingana na chesisi yangu?
- Inakaa miezi mingapi, na garantii ni ya muda gani?
- Till ya duka ni ngapi, na jina linalotokea ni la duka?
- Risiti imeandikwa spea, kampuni na namba?
- Spea kuukuu nitaipata?

Maswali saba, na mengi yanajibiwa kwa picha moja. Mtumie dereva wako na fundi wako orodha hii leo, kabla gari haijapanda jeki, ili siku hiyo ikifika kila mtu ajue utauliza nini. Na kama kawaida: PIN yako ni yako peke yako. Fundi, muuzaji wala mfanyakazi wetu hana sababu ya kuiuliza.